Masanduku Mawili ya Kisima cha Tisa

Ghala la Miamba, 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako havipikiki chungu kimoja. Juzi nilikwambia nimepata jambo, ukanijibu kwamba na wewe hujambo. Miaka thelathini ya kusimama kando ya mtambo wa kuchoronga visima imefanya kazi yake, basi na kalamu ifanye yake.

Unakumbuka kisima cha tisa? Mita mia mbili na kumi kwenda chini, masanduku sabini, wewe ukiwa msimamizi na mimi nikiwa na miaka minne. Miche yenu ya mwamba, yale mawe marefu ya mviringo yaliyotoka kwenye bomba, bado iko hapa ghalani, imelala kwenye masanduku yake kama mlivyoipanga. Ya kisima cha nane iliharibika, mchwa walikula mbao na mawe yakachanganyika. Yako ni mizima. Kila mche una mistari yako miwili, mwekundu kulia na wa buluu kushoto, imenyooka hadi mtu anajua upande wa juu bila kuuliza. Hapa watu bado wanakuita Rula.

Sasa sikiliza. Mwamba ule ulikuwa tope la chini ya bahari, mamilioni ya miaka iliyopita. Ndani yake mna magamba ya vijidudu vya baharini, madogo kuliko chembe ya chumvi. Maji yana oksijeni nyepesi na oksijeni nzito, na maji yakiwa ya baridi, gamba huchukua ile nzito kwa wingi zaidi. Kwa hiyo nikisaga magamba ya kila tabaka na kuyapima, naweza kusema bahari ilikuwa na joto kiasi gani siku hizo. Nimepima vipande mia nne na kumi na sita kwa miaka miwili.

Tukipanda kutoka chini kuja juu, bahari inapoa polepole. Halafu tukifika mita mia moja ishirini na sita, inapoa ghafla. Kisha inapata joto taratibu kwa mita sita, na kufikia mia moja ishirini inapoa ghafla tena na kuendelea na safari yake. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Profesa ameliita Tukio la Baridi Mbili, na tarehe 14 Aprili nitasimama mbele ya wataalamu mia tatu kulieleza. Ameshawaandikia wenzake wa nje.

Nataka kuonyesha picha yako kwenye ukurasa wa kwanza, ile ya kofia ya chuma. Unaniruhusu? Msalimie Mama.

Binti yako,
Kokoto


Nyumbani, 16 Februari

Mwanangu Kokoto,

Marahaba. Barua imefika, Mama yako ameisoma mara mbili kisha akaisomea nyumba ya jirani. Mimi nimeisoma zaidi ya hapo.

Nimefurahi. Sikujua kama mawe yale yangekuja kukulisha na wewe. Sisi tuliambiwa tunatafuta maji na chokaa, mambo ya bahari hatukuambiwa.

Picha usiiweke. Siku ile nilikuwa sijanyoa.

Nina maswali machache, ya mtu wa mtambo tu. Hizo mita sita ziko kwenye sanduku namba ngapi? Umejaribu kupima tena kwa njia nyingine, bila kufuata mistari? Na hakuna kisima kingine cha jirani unachoweza kutumia? Hata kama cha nane kimeharibika, huenda kuna chochote cha kuokoa. Mawe hayo yamekaa muda wote huo, hayana haraka. Tarehe 14 Aprili ni karibu mno. Kama ningekuwa mimi ningewaambia wasubiri mpaka mwakani.

Goti la kushoto linasumbua wakati wa baridi. Mengine salama.

Baba yako


Ghala la Miamba, 25 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kujibu, maana nilitaka hasira ipoe.

Masanduku ni la arobaini na moja na arobaini na mbili. Sijapima “bila kufuata mistari”, na sielewi kwa nini niulizwe hivyo na mtu aliyeichora. Maandishi ya msimamizi mwingine yeyote ningeyahoji. Yako sikuyahoji, na niliwaambia hivyo wote: mistari hii ni ya Baba yangu, tusonge mbele.

Unaniambia nisubiri mwakani. Uliniambia hivyo nilipotaka kusomea miamba, na uliniambia hivyo nilipoomba nafasi hapa. Kila mara nikikaribia mlango wewe unaniuliza kama nimefunga kamba za viatu. Najua ni upendo. Lakini mimi si mtoto wa kokoto mfukoni tena, nina miaka thelathini na miwili na kazi yangu naijua. Kama unaona siwezi, niambie waziwazi, usinizungushe kwa maswali ya visima.

Profesa amemaliza kuandika makala. Jina langu limetangulia la kwake. Hajawahi kumfanyia mwanafunzi yeyote hivyo.

Kokoto


Nyumbani, 8 Machi

Mwanangu,

Ni mimi Mama yako, naandika Baba yako akiwa ameenda kwa kinyozi.

Sijui mmeandikiana nini, lakini tangu barua yako ya mwisho huyu mtu hali vizuri. Ameandika barua tatu na kuzichana zote, vipande nimevikuta jikoni kwenye moto. Nilipomuuliza alisema ni mambo ya kazi. Kazi gani, mtu amestaafu miaka sita? Ametoa sandukuni ile barua ya sifa aliyopewa na kampuni baada ya kisima cha tisa, ameiweka mezani na anaiangalia kama mtu anayesubiri daktari amuite.

Nadhani anaogopa watu watakucheka huko mbele ya mkutano. Au ni kiburi tu, binti amempita. Mwandikie kwa upole. Mnafanana mno nyie wawili, ndiyo maana nyumba hii ilikuwa na milango inayobamizwa.

Kula. Na uvae viatu vinavyofunga, ghala lile lina baridi.

Mama yako


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu,

Hii ni barua ya nne. Naipeleka posta mwenyewe leo asubuhi kabla sijabadili nia.

Uwezo wako sikuutilia shaka hata siku moja. Nilichokuwa nakizunguka ni hiki: masanduku ya arobaini na moja na arobaini na mbili yalianguka.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya masika. Mkurugenzi alikuwa anakuja kesho yake kuona kazi, na mimi nilitaka akute kila sanduku limepangwa. Desturi yangu ilikuwa kuchora mistari papo hapo, jiwe likitoka tu kwenye bomba. Siku ile mvua ilikuwa inaosha rangi, nikasema haya mawili nitayachora hemani. Nikayabeba yote mawili kwa pamoja, moja juu ya jingine. Watu walitaka kunisaidia, nikawakatalia. Kwenye ubao wa kuteremkia kutoka mtamboni mguu uliteleza, nikaenda chini na mawe yote yakaenda kwenye tope.

Wengine walikuwa upande wa pili wakifunga bomba. Aliyeniona ni mpishi wetu wa kambini peke yake. Alikuja tukaokota, tukaosha kwa ndoo, tukaingia hemani. Miche ilikuwa imevunjika lakini mivunjiko ililingana, kipande kwa kipande, kama kikombe kilichopasuka. Baada ya saa mbili nilikuwa nimeiunga yote mita sita, mstari mmoja mrefu. Nilikuwa na uhakika na kila kiungo. Kitu kimoja sikukijua: ncha ipi ilikuwa ya juu. Ncha zote mbili zilikuwa zimesagwa na mtambo, hazikulingana na sanduku la kabla wala la baada.

Mpishi aliniuliza, “Sasa utajuaje?” Nikamwambia, “Najua.” Nikachukua rula, nikachora mistari, imenyooka vilevile kama mingine. Nilikuwa nimekisia.

Kesho yake mkurugenzi alipita akaniambia hajawahi kuona kazi safi namna ile. Mwezi uliofuata nikafanywa msimamizi wa mitambo yote. Barua ya sifa inasema hakuna kipande kilichopotea wala kukosewa. Nyumba unayoijua, ada yako ya shule, vyote vilitoka kwenye cheo kile.

Nilijiambia ni mawe tu, nani atakuja kuuliza juu yao. Umekuja kuuliza wewe.

Soma hili unavyotaka. Huenda nilikisia vizuri, na bahari yako ilifanya kweli hayo unayosema. Lakini uliponiandikia kwamba inaruka kwenye mita mia moja ishirini na tena kwenye mia moja ishirini na sita, nilihesabu kwa vidole, mita tatu kila sanduku, nikajua jibu kabla sijamaliza kuhesabu.

Ningekuambia tangu Februari. Niliona aibu.

Baba yako


Ghala la Miamba, 17 Machi

Baba,

Barua nimeipata saa nne asubuhi. Sina la kusema kwako leo ambalo sitalijutia.

Nimeomba ufunguo wa ghala. Nitayakagua mwenyewe.

Kokoto


Nyumbani, 24 Machi

Mwanangu,

Sijaandika ili uniambie kitu. Nataka ujue tu nilichofanya.

Nimemwandikia Profesa wako barua yangu mwenyewe, kurasa mbili, na nimetia sahihi. Nimeeleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe, hata habari ya mpishi. Nimemwambia binti yangu hakujua, na kama kuna wa kulaumiwa ni mimi. Kampuni ile ilishafungwa, la sivyo ningewaandikia na wao.

Mama yako amejua. Nilimweleza wakati tunakunja nguo. Alikunja shuka zote, kisha akasema, “Na mimi nilidhani unamwonea wivu mtoto.” Akacheka. Halafu hakucheka tena mpaka jioni.

Baba yako


Ghala la Miamba, 19 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa mwezi mzima wa kimya. Nilikuwa na mengi ya kufanya, na ukweli ni kwamba sehemu ya kimya ilikuwa ya kusudi.

Nianze na mawe. Kuna njia ya kujua juu na chini bila mistari ya mtu. Katika mwamba ule kuna konokono wadogo wa baharini. Konokono akifa, tope huingia ndani ya gamba lake na kulijaza nusu, na ile nafasi inayobaki hapo juu huja kujazwa na fuwele nyeupe baadaye sana. Kwa hiyo tope liko chini daima na weupe uko juu, kama chupa iliyojazwa nusu. Nilikata vipande kumi na viwili kutoka masanduku yale mawili kwa msumeno wa maji, nikavisugua mpaka vikang'aa, nikavitazama kwa hadubini. Tope lilikuwa juu. Katika vyote kumi na viwili. Kisha nikakata vya sanduku la arobaini na la arobaini na tatu, na huko tope lilikuwa chini kama kawaida.

Mita zako sita zimesimama kichwa chini, Baba. Lakini viungo vyote ni sahihi. Nilivikagua kimoja kimoja na hakuna kipande hata kimoja kilichokosewa nafasi yake. Kwa ndoo ya maji na hema linalovuja, sijui ni nani mwingine angeweza.

Sasa langu. Nilikukasirikia sana, kisha nikakaa na daftari langu nikaona kitu ambacho sikukwambia. Mwaka jana, mwezi wa Julai, niliandika pembeni kwa penseli: “Miruko yote miwili iko mpakani mwa sanduku. Kagua.” Niliona, Baba. Ningekata vipande viwili tu ningejua, ni kazi ya siku moja. Sikukata kwa sababu niliupenda mruko ule, na mistari yako ilinipa ruhusa ya kuupenda. Profesa nilimficha. Kwa hiyo nilipokuwa nakuandikia kuhusu kamba za viatu, mimi mwenyewe nilikuwa na kitu mfukoni.

Nilimpelekea Profesa vipande, hadubini, na daftari lililofunguliwa kwenye ukurasa ule. Barua yako alikuwa ameshaipata, lakini haikufuta kosa langu wala kulipunguza. Alitazama vipande vyote kumi na viwili. Akauliza ni watu wangapi ameshawaandikia kuhusu Tukio la Baridi Mbili, nikamwambia ishirini na tisa. Akaondoka, na siku mbili hakuja kazini. Siku ya tatu alikuja na bahasha ishirini na tisa zilizofungwa tayari, akaniambia, “Hizi ni zangu, nimeziandika mwenyewe. Mkutano ni wako.”

Basi tarehe 14 nilisimama. Nilionyesha mchoro wa zamani wenye miruko miwili, nikawaambia hivi ndivyo tulivyotaka kuwaambia. Kisha nikaeleza masanduku yalivyoanguka, nikaonyesha konokono. Kisha nikaonyesha mchoro baada ya kugeuza mita sita, na ile michirizi iliyokuwa imekatika ikakaa pamoja kama haijawahi kutengana. Ni mteremko mmoja. Bahari ilipoa kidogo kidogo, bila mruko wowote, na viumbe vya maji ya joto vikatoweka aina moja baada ya nyingine kwa zamu, vile vinavyopenda joto zaidi vikitangulia. Vipande mia nne na kumi na sita, hakuna nilichotupa. Nilikuwa nimevipima vizuri, Baba, na nilijua hivyo nikiwa pale mbele.

Mtu mmoja aliuliza nilijuaje kuwa masanduku yalianguka. Nikasema msimamizi wa mtambo ameandika barua. Aliuliza tena, kwa mshangao, baada ya miaka ishirini na nane? Nikasema ndiyo.

Sasa nikueleze kilichotokea baadaye, kwa sababu hiki ndicho kilichonifanya nikae niandike. Mama mmoja wa makamo, mtafiti, alinifuata kwenye ngazi. Anafanya kazi kwenye mwamba wa bahari nyingine kabisa, mbali na hapa, wa enzi hiyohiyo. Matokeo yake yanaonyesha mteremko taratibu, kama wetu. Profesa alipomwandikia mwezi wa Januari kuhusu miruko miwili, aliitafuta kwenye kazi yake akaikosa. Akadhani amekosea. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba mashine yake ya kupimia ina kasoro tangu mwanzo, na wiki hii angeomba kazi yake ya miaka minne ifutwe. Alinishika mkono. Tulikaa kwenye ngazi tukaweka michoro yetu sambamba magotini, wake na wangu, na ilikuwa mteremko mmoja.

Bahari mbili, Baba, zikipoa pamoja. Hilo ni jambo kubwa kuliko tulilokuwa nalo kabla. Tutaandika pamoja, yeye na mimi na Profesa.

Mkuu wa ghala ana visima kumi na vinne vya zamu yenu ambavyo hakuna aliyevigusa, na baada ya haya anataka kila kimoja kikaguliwe kabla mtu hajakipima. Ameniuliza kama unaweza kuja wiki mbili ukae na wanaokagua, uwaeleze mlivyokuwa mnafanya kazi, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Nimemwambia nitakuuliza, na kwamba aongee kwa sauti.

Binti yako,
Kokoto


Nyumbani, 30 Aprili

Mwanangu Kokoto,

Marahaba, marahaba. Nakuja. Mama yako anakuja pia, anasema mtu asiyesikia hawezi kuachwa peke yake kwenye basi, lakini ukweli anataka kumwona huyo Profesa.

Nilimtembelea yule mpishi. Sikuwa nimemwona kwa miaka kumi. Nilimsomea barua yako mpaka mwisho, na nilipomaliza nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakumwambia mtu. Akasema hakuna aliyemuuliza, na kwamba alidhani wataalamu walishagundua zamani, wakaona aibu kuniambia. Tulikunywa chai. Aliniuliza kama sasa najisikia vizuri. Nikamwambia sijui, nimezoea kujisikia kama zamani. Lakini nikiwa njiani kurudi niligundua natembea haraka, na goti halikuuma.

Ile habari ya penseli nimeisoma. Sitaisema tena, na wewe usiiseme. Tumeshalipana.

Huyo mama wa bahari nyingine, mwambie namsalimu.

Sasa, kazi. Mwambie mkuu wa ghala kwamba visima hivyo kumi na vinne nimevikumbuka vyote, nimeviandika kwenye karatasi, na vingi ni safi, naapa. Tuanze na cha kumi na moja. Pale hatukuangusha kitu, ila bomba lilikwama tukapoteza mita mbili, na kwenye fomu tukaandika nusu mita. Nakwambia mapema, kabla hujakipenda.

Baba yako